Mahali pa "Lakini" katika Historia ya Malindi

Makala haya yamekusudiwa kuonyesha kwamba, katika kuandika historia ya pwani, mpangilio wa vishazi vyenye kupingana unaweza kubeba hukumu ambayo mwandishi hakuitamka.

Tuchukue mambo mawili yanayojulikana. Mwezi wa Aprili 1498 mtawala wa Malindi alimkaribisha Vasco da Gama, aliyekwisha kuhitilafiana na watu wa Mombasa, akampatia rubani wa kumvusha hadi Calicut. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome Mombasa, na mtawala wa Malindi akahamia huko. Mji wake ukadhoofika.

Yafaa sasa tulinganishe sentensi mbili:

(1) Malindi ilipata mshirika, lakini ilidhoofika.
(2) Malindi ilidhoofika, lakini ilipata mshirika.

Matukio ni yale yale. Hata hivyo, (1) inalaumu na (2) inatetea, kwa kuwa uzito huangukia kishazi kinachofuata "lakini". "Ingawa" ina tabia nyingine:

(3) Ingawa ilipata mshirika, Malindi ilidhoofika.
(4) Malindi ilidhoofika, ingawa ilipata mshirika.

Hapa kishazi tegemezi kimehama, ila hukumu haikuhama: zote mbili zinakubaliana na (1). Kiingereza nacho kina njia hizi mbili, na hapo ndipo mfasiri anapoteleza. Akiikuta sentensi ya Kiingereza yenye mpango wa (4), akaweka "lakini" mahali pa "ingawa" pasipo kugeuza vishazi, ataandika (2). Lawama itakuwa imegeuka utetezi, wala hakuna neno la habari lililoongezwa au kupunguzwa.

Aidha, hapana budi kuangalia ni tukio gani linalopewa nafasi ya mwisho. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, wa nasaba ya watawala hao wa Malindi, aliwaasi Wareno na kuiteka ngome yao. Atakayeandika kwamba watawala wa Malindi waliwakaribisha Wareno, lakini wakaupoteza mji wao, amesema kweli. Atakayeandika kwamba waliwakaribisha, lakini mmoja wao akawaasi, naye amesema kweli. Mtoto wa Malindi anayesoma sentensi ya kwanza hurithi majuto. Anayesoma ya pili hurithi fahari.

Kwa hiyo mhariri wa historia asitosheke kuhakiki tarehe na majina. Na ahakiki pia kilichowekwa baada ya "lakini".