Mto na Mifereji: Mifumo ya Kilimo na Watumiaji Wake katika Tana ya Chini

Kabla ya mifereji kuchimbwa, kilimo cha Wapokomo katika bonde la chini la Mto Tana, kuanzia Hola hadi Garsen na Kipini, kilitegemea mafuriko yaliyofuata misimu miwili ya mvua: mto ulipofurika uliacha rutuba kingoni, na maji yalipopungua mkulima alipanda mpunga, mahindi na migomba katika udongo wenye unyevu, huku Waorma wakiteremsha ng'ombe wao deltani wakati wa kiangazi na kuwanywesha kupitia malka, yaani njia za mifugo ziendazo mtoni.

Serikali ilileta mfumo mwingine. Skimu ya Hola ilianzishwa mwaka 1953, ikajengwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau, na chini ya Sheria ya Unyunyizaji ya mwaka 1966 mkulima wa skimu akawa mpangaji mwenye leseni, ambaye meneja alimwamulia zao na ratiba ya kazi, na ambaye angeweza kuondolewa shambani asipotii. Huko Bura, ambako walowezi wa kwanza walifika mwaka 1981 kulima pamba, maji yalivutwa kwa pampu za dizeli zilizokuwa ghali kuendesha. Wapokomo hawakuacha mashamba yao ya kingoni, na uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwani mwaka 1989 Tana iligeuza mkondo, mfereji wa Hola ukakosa maji na skimu ikaanguka.

Karibu na Garsen, mamlaka ya maendeleo ya bonde hilo, TARDA, ilizungushia matuta ardhi ya mafuriko ili kulima mpunga, lakini mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliyabomoa. Mpango wa mashamba makubwa ya miwa ulipofuata, wakazi walikwenda Mahakama Kuu, ambayo mwezi Februari 2013 iliamuru mipango ya matumizi ya ardhi ya delta iandaliwe kwa kuwashirikisha.

Upinzani wa namna hii hutokea popote mfumo unapobadilishwa bila mtumiaji kuulizwa. Microsoft ilipotoa Windows 8 mwaka 2012 bila kitufe cha Start, ambacho watu walikizoea tangu 1995, malalamiko yalikuwa mengi, na mwaka uliofuata kitufe kikarudishwa. Hata hivyo, mtumiaji wa kompyuta aliweza kubaki na toleo la zamani, ilhali mkulima aliyezibiwa mafuriko hakuwa na pa kurudi. Kwa hiyo ni kosa kuuita ukaidi msimamo wa watu wa Tana: walitetea ujuzi uliowalisha, na yeyote atakayepanga mradi mwingine katika delta hiyo ana wajibu wa kuanza kwa kuwasikiliza.