Kabla ya Kontrola Kulikuwa na Mivukuto: Stori ya Joto Kutoka Biharamulo Mpaka Mwezini

Ukitaja pikipiki ya umeme, akili za watu zinakimbilia betri: inakaa masaa mangapi, inachajiwa wapi? Lakini kuna kiboksi cha bati, mara nyingi chini ya siti, ambacho hakina mashabiki kabisa. Kinaitwa kontrola. Hicho ndicho kinaupimia mota umeme kila dereva anapovuta mafuta ambayo hayapo. Kikiungua, chombo kinasimama hata kama betri imejaa. Na adui yake mkubwa ni joto.

Sasa, Kagera na joto wanajuana kitambo sana. Watu wa magharibi mwa Ziwa Victoria walikuwa wanayeyusha chuma miaka 2,000 iliyopita. Upande wa Biharamulo na Geita walikuwepo Warongo, mafundi waliochimba mawe ya chuma, wakajenga tanuru za udongo na kuzipuliza kwa mivukuto. Hewa ilipita kwenye mirija ya udongo mpaka katikati ya mkaa, joto likapanda zaidi ya nyuzi 1,200. Wengi wao hatuwajui kwa majina. Majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yalipojaa sokoni, kazi ikafifia. Lakini somo lao ni moja: joto linatawaliwa na anayejua hewa ipite wapi.

Magari ya umeme nayo si mambo ya jana. Tarehe 29 Aprili 1899, Mbelgiji mmoja alivuka kilomita 100 kwa saa akiwa na gari la umeme, wakati magari ya petroli bado yanakohoa. Enzi hizo mwendo ulipunguzwa kwa swichi kubwa na nyaya za ukinzani, yaani umeme usiotakiwa ulichomwa tu ukawa joto. Transista ilipozaliwa mwaka 1947 ikafungua njia ya kontrola za leo, zinazokata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Upotevu ukapungua sana. Haukuisha.

Stori kali zaidi ni ya mwezini. Julai 1971 Wamarekani wawili waliendesha gari la umeme kule, mahali ambapo hakuna hewa, kwa hiyo hakuna upepo wa kupoza chochote. Mainjinia wakaweka masanduku ya nta: gari likitembea, nta inayeyuka na kumeza joto; likipaki, wanaanga wanafunua vioo vinavyotazama angani ili joto litoke. Desemba 1972, gari la tatu likavunjika kipande cha madigadi na vumbi likaanza kumwagika kila mahali. Wakaunga madigadi kwa ramani za karatasi na utepe wa gundi. Vumbi likikaa juu ya vile vioo, joto halitoki.

Vumbi na madigadi? Hapo dereva wa barabara za vijijini Ngara anaelewa bila kutafsiriwa.

Piga hesabu. Kontrola ikipitisha wati 3,000 kwa ufanisi wa asilimia 95, wati 150 zinageuka joto ndani ya kiboksi. Ni kama balbu kubwa ya zamani imewashwa chini ya siti. Halafu ongeza milima ya Ngara, mshikaki wa abiria wawili na gunia la maharage. Mkondo wa umeme ukiongezeka mara mbili, joto la ukinzani linaongezeka mara nne. Kontrola nyingi zikizidiwa zinapunguza nguvu zenyewe, na hapo abiria anashuka kusukuma. Isiyo na kinga hiyo inaungua moja kwa moja.

Dawa yake haihitaji roketi. Mgongo wa kontrola ukae juu ya chuma tupu cha fremu au bamba nene la alumini, siyo juu ya plastiki wala kuviringishiwa mpira. Katikati upake kidogo tu ile dawa ambayo mafundi wa kompyuta hupaka juu ya prosesa, kwa sababu bati mbili zikigusana huacha vijinafasi vya hewa, na hewa iliyonaswa haipitishi joto vizuri. Bolti zikazwe sawasawa. Yale mapezi, kama ya silinda ya pikipiki ya petroli, yasimame wima ili hewa ya moto ipande, tena yawe mahali upepo wa safari unapita. Nyaya zitokee chini maji yasiingie. Na vumbi lifutwe mara kwa mara, la sivyo mapezi yanavaa blanketi.

Mambo mengine karibu yote yapo mlangoni. Kabanga, Ngara, kuna nikeli, madini yanayotumika kwenye aina kadhaa za betri za magari ya umeme. Rusumo kuna mtambo wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana. Ng'ambo ya mpaka, Kigali, bodaboda za umeme zilianza kubeba abiria tangu 2019.

Kinachobaki ni fundi na spana yake. Warongo walipitisha hewa ili joto lipande. Yeye anaipitisha ili joto litoke. Akikosea, wengi watasema pikipiki za umeme haziwezi milima yetu, kumbe kosa lilikuwa bolti nne. Na atakayelipa ni dereva wa mkataba, sababu hesabu ya bosi jioni haisubiri kontrola ipoe.