Ndoa ya Spika na Amplifaya

Mwaka 1925 wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric nchini Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walichapisha makala iliyoeleza spika ya aina mpya: koili ya waya iliyogandishwa kwenye koni, ikicheza mbele na nyuma katikati ya sumaku. Spika nyingi za leo zingali zinafuata mpango huo. Kinachosahauliwa ni kwamba makala hiyohiyo ilieleza pia amplifaya ya kuiendesha, kwa sababu spika isiyopata nguvu ya kutosha haina faida. Vitu hivi viwili vilizaliwa pamoja, na anayetaka kuzielewa spika za zamani hana budi kuvitazama pamoja.

Nguvu ya umeme wa sauti ilikuwa adimu siku hizo. Amplifaya zilitumia vali, yaani chupa za kioo zilizoondolewa hewa, na hata vali mashuhuri ya kumbi za sinema miaka ya 1930, Western Electric 300B, ilitoa takriban wati 8 tu. Kwa kuwa wati hazikuongezeka kirahisi, wahandisi waliifanya spika yenyewe iwe nyepesi kuitika. Waliifungia pembe pana inayoielekeza sauti, kama mtu anavyokinga viganja mdomoni anapomwita mwenzake ng'ambo ya mto. Paul Klipsch aliiingiza mbinu hiyo majumbani, na mwaka 1946 akaanzisha kampuni ya kutengeneza Klipschorn, kasha kubwa linalosimama konani ili kuta za chumba ziwe mwendelezo wa pembe. Likipewa wati 1 tu, kasha hilo hutoa zaidi ya desibeli 100 umbali wa mita 1.

Hatua iliyofuata ilihusu usafi wa sauti. Mwaka 1947 jarida la Uingereza, Wireless World, lilichapisha amplifaya ya D. T. N. Williamson, iliyotoa wati 15 tu lakini kwa usafi uliowashangaza wasikilizaji. Siri yake ilikuwa kurudisha sehemu ya sauti inayotoka, ilinganishwe na ile iliyoingia, kosa lipate kusahihishwa papo hapo. Mbinu hiyo ilileta faida nyingine. Koni ikishasukumwa hupenda kuendelea kuyumba, na amplifaya ya namna hii huizuia kama breki. Spika zilizofuata zilibuniwa kwa kutegemea breki hiyo, na ndiyo maana baadhi yake hutoa besi legelege zikiunganishwa na amplifaya za kale zaidi.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1954. Edgar Villchur, akishirikiana na Henry Kloss huko Cambridge, Massachusetts, alitoa spika iliyoitwa AR-1. Kasha lake lilizibwa kabisa, na hewa iliyofungiwa ndani ikafanya kazi ya springi. Ukiisukuma koni ya spika ya aina hii taratibu kwa vidole kisha ukaiachia, hurudi kwenye nafasi yake polepole, kwa kuwa hewa haina pa kupitia haraka. Kwa njia hiyo kasha dogo la kuwekwa rafuni lilitoa besi nzito, lakini gharama yake ikawa wati. Kila spika inapopungua wepesi kwa desibeli 10, sauti ileile hudai nguvu mara 10.

Kwa nini basi dunia iliziacha spika nyepesi kuitika? Wengine husema transista ndiyo iliyoleta mabadiliko, kwa kuwa ilirahisisha upatikanaji wa wati. Wengine hutaja santuri za sterio, zilizoingia sokoni mwaka 1958 na kuilazimu kila sebule kupata nafasi ya makasha mawili. Maelezo yote mawili yana ukweli, lakini mfuatano wa miaka unatuonya. AR-1 ilitangulia sterio, na ilitangulia pia kuenea kwa amplifaya za transista, jambo la miaka ya 1960. Wati nazo zilikuwapo, kwani kampuni ya McIntosh iliuza amplifaya ya vali ya wati 50 tangu mwaka 1949. Kwa hiyo chanzo kilikuwa hamu ya besi nzito katika kasha dogo. Sterio iliipanua hamu hiyo, na transista ikaipunguzia gharama.

Transista ilileta pia suala la omu, kipimo cha ukinzani. Nyuma ya amplifaya ya vali mara nyingi kuna skrubu za transfoma yake zilizoandikwa 4, 8 na 16, na mwenye spika huchagua inayolingana na spika yake. Amplifaya nyingi za transista hazina transfoma ya namna hiyo; omu zikishuka, hutoa umeme mwingi zaidi hadi zipate joto au ziungue. AR-3a ya mwaka 1967, spika ya ukoo wa AR-1, ilikuwa ya omu 4, mzigo mzito kwa baadhi ya amplifaya za wakati wake. Spika ya kampuni ya Quad ya mwaka 1957, inayotumia utando wenye chaji badala ya koni, ina hatari ya upande wa pili: ilizaliwa katika enzi ya amplifaya ya Quad II ya wati 15, na amplifaya kubwa inaweza kuuharibu utando huo.

Ukirithi spika za zamani, basi, usianze kwa kuuliza amplifaya ipi ni bora. Uliza zilitengenezwa mwaka gani, zina omu ngapi, zinaitika kwa wepesi gani, na mtengenezaji aliruhusu wati ngapi. Klipschorn hutosheka na wati chache safi. AR-3a inataka wati nyingi na mkono imara. Quad inataka kiasi. Amplifaya inayofaa ni ile ambayo mbuni wa spika aliifikiria alipokuwa kazini.