Nyota Katika Kioo cha Nyuma

Motokaa nyingi ndogo zipitazo katika njia za Makorora, mjini Tanga, zilitumika Japani kabla ya kuvuka bahari. Baadhi yake zingali na karatasi ndogo katika kioo cha nyuma, yenye nyota na maandishi ya Kijapani. Wengine hulidhani pambo la kiwandani, na wengine hulibandua. Kumbe ni cheti.

Desturi ya kumwarifu mnunuzi kwa karatasi si ngeni. Marekani iliamuru mwaka 1958 kila motokaa mpya ibandikwe bei yake, na katika miaka ya 1970, mafuta yalipopanda bei, ikaongezwa habari ya ulaji wa mafuta. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 1999, ukataka itajwe pia hewa ya ukaa.

Japani ilianza kutoa nyota mwaka 2000. Nyota tatu zilikuwa na maana kwamba sumu ya moshi imepungua asilimia 75 chini ya kipimo cha mwaka ule. Kipimo kikali zaidi kilipokuja mwaka 2005, nyota tatu zikawa asilimia 50, na asilimia 75 ikapewa nyota nne. Mwaka wenyewe huandikwa kwa hesabu ya enzi ya mfalme wao, Heisei 17. Basi hata ajuaye kuhesabu nyota aweza kupotea. Tena nyota hazisemi neno juu ya hewa ya ukaa. Hiyo hukisiwa kwa karatasi ya pili, ya ulaji wa mafuta, iliyoanza mwaka 2004.

Ahadi ya nyota ilihitaji petroli safi, maana risasi huua chombo cha kusafishia moshi. Afrika kusini ya Sahara iliiacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006.

Ushuru wa Tanzania hutazama ukubwa wa injini na umri wa motokaa, mambo yaliyo jirani ya moshi lakini si moshi wenyewe. Ni kweli karatasi husimulia motokaa ilipokuwa mpya, na uchakavu hausomeki humo. Hata hivyo ukurasa mmoja wa tafsiri, ukutani mwa yadi, ungemfaa mnunuzi mwenye fedha haba. Yeye humwuliza dalali, “Inakula mafuta kiasi gani?” Dalali hukisia, na karatasi ile i kiooni nyuma yao.