Kushusha Mzigo si Kupunguza Uzani

Andika "wiki ya kupunguza uzani" kwenye ubao wa jimu yoyote mjini Kakamega, kuanzia Amalemba hadi Lurambi, kisha uone nani atafika. Watakuja wanaotaka kutoa kitambi. Atakuja bondia mwenye pambano Jumamosi, maana kwake maneno hayo ni kupanda mizani bila kuvuka daraja lake. Wanyanyuaji vyuma, ambao ndio waliokusudiwa, watalisoma tangazo na kupita zao. Wengi wao hawataki kusikia habari ya kupungua.

Jambo lenyewe, ambalo vijana wa jimu huliita dilodi, ni kupunguza kwa makusudi kazi ya vyuma kwa muda mfupi, mara nyingi wiki moja, ili mwili ufidie uchovu uliojilimbikiza kabla ya kurudi kwenye vyuma vizito. Kiswahili chake kinachofaa ni kushusha mzigo. Tatizo la "kupunguza uzani" si kwamba maneno hayo yana wenyewe tayari tu. Yanaficha pia nusu ya maana.

Uzani ni kile kilichomo kwenye chuma: kilo 20 za chuma kitupu cha kimashindano, pamoja na sahani za kila upande. Mzigo ni jumla ya kazi aliyoifanya mnyanyuaji. Anayechuchumaa na kilo 80, seti 5 za marudio matano, amebeba kilo 2,000 siku hiyo. Akifanya seti mbili tu kwa kilo zilezile, amebeba 800. Uzani haukuguswa hata gramu, ilhali mzigo umeshuka kwa asilimia 60. Mkulima wa miwa wa Malava hahitaji kufafanuliwa hilo: trela lina uzani wake kila linapopita kwenye mizani ya kiwanda, lakini kazi ya siku huhesabiwa kwa safari.

Tofauti hiyo ina faida ya moja kwa moja kwa wasio na jimu. Mitaani bado kuna vyuma vya kujitengenezea: bomba la chuma, mkebe wa rangi kila upande, saruji ndani. Saruji ikishakauka, huwezi kuchomoa kilo mbili na nusu. Ukimwambia mwenye chuma cha namna hiyo apunguze uzani, umemwambia aache mazoezi. Ukimwambia ashushe mzigo, ataondoa seti mbili au tatu na kuendelea.

Lakini dilodi ina kasoro ambayo Kiswahili hakina haja ya kuirithi: inabeba mambo mawili tofauti. La kwanza ni kurudi nyuma baada ya kukwama. Mipango mingi ya wanaoanza, ukiwemo StrongLifts wenye seti tano za marudio matano, husema kwamba mtu akishindwa kukamilisha marudio kwa uzani uleule siku tatu mfululizo za zoezi hilo, aondoe asilimia 10 kisha apande tena. Aliyekwama kwenye kilo 100 za skwati hushuka hadi 90, halafu 92.5, 95, 97.5, na siku ya tano yuko tena kwenye 100. Hapo kinachopungua kweli ni uzani, na kwa zoezi lile lililokwama tu. Benchi ikikataa, hakuna sababu ya kuziadhibu skwati.

La pili ni wiki iliyopangwa mapema, mtu amekwama au hajakwama. Mmarekani Jim Wendler, katika mpango wake wa 5/3/1 alioutoa 2009, aliitenga wiki ya nne ya kila mzunguko kwa asilimia 40, 50 na 60 ya kiwango cha mazoezi, ambacho nacho ni asilimia 90 ya uwezo wa juu kabisa. Mwenye uwezo wa kilo 100 anahesabu kutoka 90, kwa hiyo wiki hiyo ananyanyua 36, 45 na 54, anaoga, anakwenda nyumbani. Kijana mwenye haraka huona aibu kuonekana na sahani ndogo kiasi hicho. Aibu hiyo imewachelewesha wengi.

Kwa hiyo inafaa majina yawe mawili chini ya istilahi moja. La kwanza liitwe kurudi hatua. La pili liitwe wiki nyepesi, na hapa Kiswahili hakianzi kutoka sufuri: watangazaji wa soka wametuzoesha kusikia kwamba timu imefanya "mazoezi mepesi" kesho yake baada ya mechi, na hakuna shabiki wa uwanja wa Bukhungu anayedhani kwamba wachezaji walilala.

Hilo la kutolala ni la msingi. Utafiti uliochapishwa 2024 uliwafuatilia wanyanyuaji wenye uzoefu kwa wiki 9, kundi moja likisimamisha mazoezi kabisa kwa wiki moja katikati. Misuli ya makundi yote mawili ilikua sawasawa, lakini nguvu za miguu za waliosimama hazikuongezeka kama za wenzao. Mwaka 2007, Laurent Bosquet na wenzake walikusanya tafiti kuhusu wanariadha wanaokaribia mashindano, hasa waogeleaji, wakimbiaji na waendesha baiskeli. Matokeo bora yalipatikana kwa wiki mbili za kupunguza wingi wa mazoezi kwa asilimia 41 hadi 60, bila kugusa ukali wake wala idadi ya siku. Si wanyanyuaji, ni kweli, lakini funzo linamhusu pia mchezaji wa raga katika mji ambao Kabras Sugar walileta Kenya Cup kwa mara ya kwanza 2016: mechi kubwa ikikaribia, toa seti, usitoe chuma.

Sasa, lini? Dalili ya wazi ni kushindwa mara tatu. Nyingine huonekana mapema kwa mwenye macho: chuma cha kupasha mwili moto, ambacho juzi kilipaa, leo kinapanda kwa kujikokota, viwiko au magoti yanauma hata siku isiyo ya mazoezi, mgongo unapinda kwenye dedilifti mahali ambapo haukuwa ukipinda, usingizi umekatika. Moja peke yake ni siku mbaya tu, haitoshi. Mbili au tatu kwa wiki nzima, shusha.

Halafu kuna sababu za nje ya jimu. Kakamega ni eneo la malaria. Aliyetoka kitandani asirudi kwenye kilo alizoziacha. Msimu wa kupanda mahindi, mtu aliyeshika jembe tangu alfajiri amekwisha kubeba mzigo kabla ya kugusa chuma. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro aliye katikati ya mitihani, asiyelala wala kula sawasawa, naye wiki nyepesi inamhusu.

Mara nyingine, hata hivyo, mnyanyuaji hajachoka. Sahani ndizo zinazomwangusha. Pale ambapo sahani ndogo kabisa ni ya kilo 2.5, hatua ndogo ni kilo 5. Kwa skwati ya 100 hiyo ni asilimia 5. Kwa mwanamke anayesukuma kilo 30 juu ya kichwa, ni karibu asilimia 17, na atashushwa mzigo kila mwezi kwa kosa lisilo lake. Wenye jimu wanaopanga kuongeza vifaa mwaka huu, kabla ya kuagiza mashine nyingine, wanunue kwanza jozi ya sahani za kilo 1.25.