Kiko cha Bwana Msa

Sherlock Holmes alitoka kitabuni mwaka 1887. Miaka sabini baadaye kiko chake kilifika Unguja, mkononi mwa Bwana Msa. Hadithi ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957–58, ikachapishwa 1960.

Wengi humwona Msa kama nakala ya Holmes. Mimi natazama mahali maiti inapokutwa: kwenye mzimu, ambako hofu hujibu kabla swali halijaulizwa. Msa anakataa jibu hilo la haraka. Anatafuta mkono wa mtu.

Mwaka 1974 akaja Willy Gamba wa Elvis Musiba, na bastola yake, akizilinda siri za wapigania uhuru. Anasisimua, ila adui yake hutumwa na mabeberu, si jirani.

Huku Masieda, wilayani Mbulu, narudia kumsoma Msa. Nchini mwetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, bila ushahidi wowote. Kwenye msiba wa ghafla, Gamba hana la kutufaa. Tunamhitaji mtu wa kusema: subirini kwanza, tuulize.