Mlolongo wa 1988: Kura Isiyo na Siri Kijijini

Mtajie neno "mlolongo" Mkenya aliyekuwa mtu mzima mwaka 1988, huenda asifikirie foleni ya matatu. Atakumbuka Februari ya mwaka ule, wanachama wa KANU walipotakiwa kusimama nyuma ya mgombea wao, wakala wake au picha yake, hadharani, wahesabiwe kichwa kwa kichwa. Hivyo ndivyo chama pekee kilivyoteua wagombea ubunge.

KANU iliupitisha utaratibu huo mwaka 1986. Watetezi wake walikuwa na hoja, tusiwadharau. Walisema ni njia ya Kiafrika: wazee wetu waliamua mambo barazani, uso kwa uso, bila kujificha. Walisema pia kwamba foleni haijazwi karatasi bandia kama sanduku. Ukiisikia haraka haraka, hoja hiyo inapendeza.

Lakini hebu ipeleke kijijini. Mjini, ukisimama kwenye foleni, aliye nyuma yako pengine hakujui. Kijijini anakujua wewe, baba yako na mpaka wa shamba lako. Chifu anayekutazama ndiye utakayemwendea kesho kwa barua ya kitambulisho. Mwenye duka amekukopesha sukari. Shemeji yako yuko foleni ile nyingine, na arusi ni mwezi ujao. Msimamo wa kisiasa hapo si maoni tu. Ni undugu, deni na ujirani. Ndiyo maana viongozi wa makanisa, kupitia baraza lao la NCCK, walipinga mapema: mchungaji akisimama nyuma ya mmoja, Jumapili atawahubiria vipi waliosimama nyuma ya mwingine?

Sasa tazama hesabu, maana hapo ndipo penye mtego. Kanuni ilisema anayepata zaidi ya asilimia 70 ya waliopanga foleni amepita bila kupingwa. Hakuna haja ya kura ya siri. Tuchukue mfano. Eneo lina wapiga kura 1,000. Wanaojitokeza ni 300, na 215 kati yao wanasimama nyuma ya mtu mmoja. Hiyo ni zaidi ya asilimia 71. Basi, kwisha! Watu 215 wamewachagulia mbunge watu 1,000, na wale 700 waliobaki nyumbani hawaonekani popote katika hesabu.

Wengine hawakuwa hata na kadi ya chama, kwa hiyo mlango ulikuwa umefungwa kabla hawajafika. Ila kwa mwenye kadi na mwenye hofu, kubaki nyumbani ndiyo ilikuwa kura pekee ya siri iliyosalia. Na kura hiyo, jamani, ilimsaidia yule yule aliyeogopwa. Kadiri wenye mashaka walivyokaa kando, ndivyo asilimia 70 ilivyozidi kuwa rahisi.

Kulikuwa na jambo la pili. Karatasi za kura zikibishaniwa, sanduku hufunguliwa zikahesabiwa upya. Foleni ikishatawanyika, imekwisha. Watu wamerudi mashambani, na kinachobaki ni namba aliyoiandika msimamizi. Ndipo yakazuka malalamiko, sehemu nyingi, kwamba foleni fupi imetangazwa mshindi mbele ya macho ya waliosimama kwenye foleni ndefu. Waliona kwa macho yao, lakini hawakuwa na kitu cha kuonyesha.

Jarida la NCCK, Beyond, liliandika kuhusu uchaguzi ule. Likapigwa marufuku mwaka huo huo, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa. Desemba 1988 Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri akilalamikia wizi katika uchaguzi wa ndani wa chama. Mwaka 1990 kamati iliyoongozwa na Makamu wa Rais George Saitoti ilizunguka nchini kusikiliza wananchi, na Desemba mwaka huo KANU ikafuta mlolongo pamoja na kanuni ya asilimia 70.

Tumezoea kuidhania kura ya siri kuwa adabu ya wasomi wa mjini. Mlolongo unatuonyesha kinyume chake. Anayeihitaji zaidi ni mkulima wa kijiji kidogo, ambaye kesho asubuhi lazima achote maji kisima kimoja na yule aliyemnyima kura.